Kabla hujanunua kitabu cha sayansi, tafuta kilichokatwa

Nilifika sura ya nne ya On the Origin of Species ya Charles Darwin, nikakwama. Anatuambia tutazame mchoro: herufi A hadi L ni spishi, yaani aina za viumbe, za jenasi moja (kundi la spishi zinazokaribiana), na kutoka A mistari inapanda na kutawanyika kama matawi ya mti. Nikafunua ukurasa uliofuata, hakuna mchoro. Nikaenda mwisho wa kitabu, hakuna. Kitabu hicho kilipotoka mwaka 1859 kilikuwa na mchoro mmoja tu, na huo mmoja ndio mchapishaji wa nakala yangu alioutupa. Maelezo ya mti yapo, mti wenyewe haupo.

Jalada, karatasi na ukubwa wa herufi kila mtu anajua kuvikagua. Mimi sasa nauliza jambo moja: ni nini kimeachwa nje, na haya ni maandishi ya toleo lipi? Mimi si mwanasayansi, nasoma jioni kazi zikiisha, na msomaji wa aina yangu ndiye anayeumia, maana hana namna ya kujua kilichokosekana.

Katika vitabu ninavyopendekeza, namba moja kwangu ni The Double Helix ya James Watson, lakini katika chapa ya Norton Critical Edition. Nawapendelea wachapishaji hao, Norton, na sifichi. Watson, katika kitabu chake cha mwaka 1968, anasimulia ugunduzi wa umbo la DNA kwa upande wake, na humo hakumtendea haki Rosalind Franklin, mwanasayansi aliyechunguza DNA kwa picha za eksirei. Toleo la Norton la mwaka 1980, lililohaririwa na Gunther Stent, linaambatanisha mapitio ya wanasayansi wengine na makala za awali za kisayansi. Ukishamsikiliza Watson akijisifu, unageuza kurasa na kumpima mwenyewe. Chapa yenye simulizi peke yake inakuachia shahidi mmoja. Baada yake soma Photograph 51, tamthilia ya Anna Ziegler, iliyopewa jina la picha ya eksirei iliyopigwa mwaka 1952 na Raymond Gosling, mwanafunzi aliyefanya kazi chini ya Franklin. Ni fupi, unaimaliza kwa kikao kimoja.

Namba mbili ni Copenhagen, tamthilia ya Michael Frayn ya mwaka 1998. Wahusika ni watatu tu: mwanafizikia Niels Bohr, mkewe Margrethe, na mwanafizikia Mjerumani Werner Heisenberg aliyewatembelea mwaka 1941 Denmark ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Walichozungumza wanaume hao wawili bado kinabishaniwa. Frayn aliandika maelezo marefu ya mwisho yanayotenganisha historia na alichobuni yeye. Nakala isiyo nayo usiichukue, utaamini mambo ambayo mwandishi mwenyewe hakudai kuwa kweli. Tena mwaka 2002 zilitolewa hadharani rasimu za barua ambazo Bohr alimwandikia Heisenberg asizitume, kwa hiyo nakala za kabla ya hapo hazina habari hiyo.

Namba tatu ni Life of Galileo, tamthilia ya Bertolt Brecht. Hapa uangalifu ni mara mbili. Brecht aliiandika akiwa uhamishoni mwaka 1938 na 1939, kisha baada ya bomu la Hiroshima akaibadilisha, na Galileo wa mwisho anajihukumu vikali kuliko yule wa kwanza. Nunua yenye kutaja toleo na mfasiri. Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley, nayo ni vivyo hivyo: maandishi ya 1818 si yale ya 1831.

Chapa za bei ya chini zisizo na jina la mhariri zinafaa kwa hadithi tupu. Kwa sayansi, hapana.

Kinachonikera zaidi ni wauzaji wa mtandaoni. Unafungua kurasa za majaribio, unaona dibaji nzuri na vielelezo, unalipa, inakuja chapa nyingine kabisa. Maoni ya wanunuzi wa matoleo matano yamemwagwa mahali pamoja, hujui nani kasifu lipi. Nilipomwandikia aliyeniuzia Darwin, alinijibu kwamba maandishi yote yamo. Nikampigia picha ukurasa ule, mstari unaosema tutazame mchoro nikauzungushia kalamu nyekundu, nikamtumia. Hajajibu. Na hakimiliki ya kitabu hicho ilikwisha zamani, hakuna mrithi wa kulipwa. Basi fedha yangu ililipia nini, kama si kuchapa kitabu kizima?