Nilipeleka bega, daktari akataka kuona unyayo: uzoefu wangu kwenye kliniki ya ngozi

Nyota tatu kati ya tano. Ningekuwa nampima daktari peke yake ningempa zote tano. Mbili zilizopungua ni za watu wa mapokezi, na nitaeleza. Jina la kliniki naliacha. Ni ya binafsi, ipo Dar es Salaam, na malalamiko yangu nimewapelekea wenyewe kwa maandishi.

Mimi ni fundi cherehani, umri miaka 52. Kilichonipeleka ni kinundu cha begani. Kilianza kama punje ya mahindi, na miaka sita baadaye kimefikia ndimu. Hakiumi. Ila mke wangu akikigusa usiku halali, na asipolala yeye silali mimi. Wateja nao kila mmoja na lake: huyu anasema jipu limegoma kuiva, yule anasema kansa, mwingine ananiambia nimechezewa na fundi wa jirani. Nikadunduliza, nikaenda.

Kumwona daktari ni shilingi 30,000, na foleni ilinila saa mbili na nusu. Kwenye benchi nilikaa na kijana mwenye ualbino, ana bandeji sikioni. Alikuwa na kidonda kilichokuwa kikipata gaga, kinabanduka, kinatoa damu kidogo, kisha gaga tena, miezi na miezi. Walipochukua kinyama wakakuta ni kansa ya ngozi, ile inayowapata sana wenye ualbino kwa sababu ngozi yao haina rangi ya kuikinga na jua. Wamekikata na sasa anakuja kusafishwa. Alikuwa amevaa kapelo, ambayo inafunika paji la uso na kuacha masikio yote nje! Nilichukua kipimo cha kichwa chake palepale kwa futikamba ninayotembea nayo mfukoni. Kofia yake ya pama nilimpa bure.

Daktari ni binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Alinipa shikamoo kabla hajavaa glavu. Akakibinya kinundu, akakisukuma huku na huku, kikawa kinateleza chini ya vidole vyake. "Baba, huu ni uvimbe wa mafuta. Sisi tunauita lipoma. Mlaini, unacheza, umekua taratibu. Siyo kansa. Ukianza kuuma, au ukikua kwa kasi, au ukiugusa ukaona umekuwa mgumu na umeshikana na nyama ya chini, usisubiri, njoo." Kuutoa ni hiari yangu, na nikiutoa nitabaki na kovu. Hizo zote dakika tano. Miaka sita ya hofu, dakika tano!

Nikaanza kufunga vifungo vya shati. "Bado, baba," akasema. "Vua na viatu."

Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa na tundu, kidole gumba kiko nje chote. Fundi mzima, nashonea watu suti za harusi. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye hata hakuiangalia. Alianzia usoni, kwenye vile vidoa vidogo vyeusi vilivyoinuka mashavuni, ambavyo marehemu mama alikuwa navyo na dada zangu wote wanavyo. Akasema sisi weusi tunavyo sana, vinarithiwa kwenye koo, havina madhara, na nisikubali kinyozi anichome na dawa yoyote kwa sababu naweza kuishia na makovu yanayoonekana kuliko vidoa vyenyewe. (Kinyozi wangu alishaniahidi kunitoa vyote kwa elfu kumi.) Kisha akashuka miguuni, na kwenye unyayo wa kulia akanyamaza.

Pale, kwenye nyama ya mbele panapokanyaga pedali ya cherehani, nina doa jeusi. Nilikuwa nalo karibu miaka miwili. Nililiona sugu ya kazi. Muuza duka la dawa aliliona sunzua, akaniuzia dawa ya kuchoma. Ngozi ikabanduka, doa likabaki. Mara mbili nimelikwangua kwa wembe.

Alidondosha tone la mafuta, akaweka kitochi chenye lenzi, akapiga picha na kunionyesha. Ukiukuza unyayo unaona ni kama shamba lililolimwa, matuta na mifereji. "Rangi ikikaa kwenye mifereji, mara nyingi ni doa la kawaida tu," akasema. "Hii yako imepanda kwenye matuta. Na tazama ukingo, huku umekatika, huku umefifia, rangi nazo hazilingani." Nikamwambia mimi mweusi, na unyayoni jua linafika saa ngapi? Akanijibu kwamba aina hii ya kansa, melanoma ya nyayo, viganja na chini ya kucha, haisababishwi na jua, na sisi weusi tukipata melanoma mara nyingi inakuwa sehemu hizo hizo. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Nyimbo zake nimezishonea nguo maisha yangu yote na nilikuwa sijui.

Sindano ya ganzi kwenye unyayo nisikudanganye, inauma hadi kwenye meno. Baada ya hapo sikuhisi kitu. Wakatoboa kinyama kwa kifaa cha duara, ndugu kabisa wa panchi ninayotobolea matundu ya mikanda. Kinyama na maabara, 180,000. Nikaambiwa majibu wiki mbili.

Na hapa ndipo nyota zilipodondoka. Nilipiga simu siku ya 15: "Bado hayajatoka." Siku ya 20: "Bado, mzee, tutakupigia." Siku ya 31 nikaenda mwenyewe na kugoma kutoka. Bahasha ikatolewa kwenye droo. Tarehe ya maabara iliyopigwa muhuri juu yake ilikuwa ya siku ya 12. Siku kumi na tisa karatasi yangu imelala hatua tatu kutoka kwenye simu niliyokuwa naipiga! Pole nilipewa na daktari, ambaye hakukosa kitu. Mapokezi waliniuliza kama nina risiti.

Majibu: melanoma, lakini bado ipo kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, haijashuka chini. Hatua ya sifuri, wanaiita. Nikapewa rufaa kwa daktari wa upasuaji. Huyo alikata doa lote na kuongeza ngozi nzima ya pembeni, nusu sentimita kila upande. Hilo halikuhitaji maelezo, kwani hakuna fundi anayekata kitambaa kwenye mstari wa chaki wenyewe. Shimo hakulishona; aliliacha lijae taratibu kutoka chini, na nikawa nabadilishwa bandeji. Kipande kilipopimwa, kingo zote zilikuwa safi.

Wiki saba sikukanyaga pedali. Kijana wangu wa kazi ndiye aliyeshika duka, na sare za shule alizozishona kipindi kile bado zinarudi hadi leo. Sasa kila baada ya miezi mitatu narudi kwa yule binti, ananikagua unyayo, viganja, kucha na kinena, akipapasa kama kuna tezi iliyovimba. Naenda na soksi mpya. Namba ya maabara nimeichukua, nawapigia wenyewe.

Kinundu cha begani sijakitoa. Upande huo mashati yangu nayaongezea bega kidogo.