Mvuvi kapelekwa mlimani: I'll Always Know What You Did Last Summer (2006)

Muvi hii ya tatu katika mfululizo wa I Know What You Did Last Summer iliingia sokoni kwenye DVD Agosti 2006 bila kupita majumba ya sinema. Hilo si dosari, maana muvi za kuchinjana hazihitaji fedha nyingi. Shida yake imeanzia kwenye karatasi, kabla kamera haijawashwa.

Ile ya 1997 ilikaa Southport, mji wa wavuvi huko North Carolina. Koti refu la mvua na kulabu ya muuaji vilikuwa na kazi: bandarini nusu ya wanaume wamevaa hivyohivyo, kwa hiyo anakupita mchana kweupe na humshtukii. Hata ya pili, pamoja na udhaifu wake, ilibaki baharini, kisiwani Bahamas. Hii inamhamishia Broken Ridge, mji wa milimani Colorado, jimbo lisilopakana na bahari yoyote. Mtu mwenye koti la mvuvi huko anapaswa kuonekana kama pweza jangwani, lakini hadithi hailishughulikii hilo hata kwa mzaha.

Hatia nayo ni nyepesi. Kwenye ile ya 1997 vijana walimgonga mtu barabarani, wakamtupa majini akiwa bado hai. Hapa ni utani wa sikukuu ya uhuru wa Marekani, Julai 4: mmoja anajifanya muuaji, mwenzao PJ anaruka na skateboard (ubao wa magurudumu) akitegemea kuangukia magodoro. Magodoro hayapo mahali pake, PJ anakufa, wenzake wanaapa kunyamaza. Ni uzembe, sawa, ila hauna uzito wa kisasi. Mwaka mmoja baadaye simu ya mmoja wao, Amber (Brooke Nevin), inapofurika meseji za vitisho, hofu inakuwa ya kuazima.

Tukio la kuua lina hatua zake: tuoneshwe chumba, tujue mlango uko wapi, tumwone muuaji kabla mhanga hajamwona, ndipo kulabu ishuke. Mwongozaji Sylvain White anazikata hatua hizo vipande vipande. Picha inatikisika, inamulika, inaruka, na pigo likishatua hujui limetoka upande gani. Inauma zaidi kwa sababu ndani ya koti yumo Don Shanks, aliyeigiza muuaji Michael Myers kwenye muvi ya tano ya Halloween, 1989. Mtu huyo anatisha akisimama tu. Haachwi asimame.

Asiyependa kusimuliwa mwisho aruke aya hii. Kwa muda mrefu tunapewa watu wa kuwashuku, kuanzia polisi hadi marafiki wenyewe, kisha inafichuka kwamba muuaji si binadamu: ni Ben Willis, muuaji wa muvi mbili za kwanza, aliyefufuka, risasi hazimwingii, dawa yake ni kulabu yake mwenyewe. Basi ule upelelezi wote ulikuwa wa nini? Kama ni mzuka, hakuna kidokezo ambacho mtazamaji angeweza kukinasa, na ukirudia muvi hupati chochote kilichokuwa kimefichwa. Mzuka ulitakiwa uwekewe masharti mapema, siyo kuchomolewa mfukoni dakika za lala salama.

Nevin anajitahidi, na mandhari ya milima inapendeza. Nyota moja na nusu kati ya tano. Anayefuatilia mfululizo aangalie ya 1997, ya 1998, kisha arukie ya 2025, ambayo imewarudisha nyota wa zile mbili za kwanza, Jennifer Love Hewitt na Freddie Prinze Jr., na kuendelea kana kwamba hii ya Colorado haijawahi kutengenezwa.