Canon 50mm f/1.8 STM: lenzi ya kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa) na harusi za kanisani

Kwa mpiga picha wa Kampala mwenye DSLR (kamera yenye kioo ndani) ya Canon ya sensa ndogo, hii ndiyo lenzi ya kuongeza baada ya ile ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera. Ya 18-55 ikivutwa hadi mwisho hufunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi). Hii hufika f/1.8, mwanga takriban mara 10 zaidi: palipohitaji ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) ya 6400, ISO 640 inatosha.

Mwanga huo una bei yake. Ukisimama mita 2 kutoka kwa bibi harusi, kwa f/1.8 sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita 11 hivi. Ssenga (shangazi) aliye nyuma yake anapotea kwenye ukungu. Kwa watu wawili bana tundu hadi f/4, kina kifike kama sentimita 24. Halafu kwenye sensa ndogo lenzi hii inaona eneo finyu, kama ya milimita 80, kwa hiyo katika sebule finyu mgongo utagusa ukuta kabla ukoo haujaenea kwenye picha.

Wengi hulalamika kwamba haishiki fokasi. Mara nyingi lenzi inasingiziwa. Kwenye DSLR kioo kikubwa hupandisha mwanga hadi kwenye kitazamio, na kioo kidogo nyuma yake huuteremsha kwenye vitambuzi vya fokasi chini ya kamera. Kikipinda kidogo, fokasi inaangukia mbele au nyuma ya jicho. Bandika gazeti ukutani, weka kamera kwenye tripodi, piga kwa f/1.8 kupitia kitazamio, kisha kwa Live View (kutazama kwenye skrini ya nyuma), ambako kioo huinuka na sensa yenyewe hupima. Ya Live View ikiwa kali na nyingine ukungu, fundi aangalie kamera.

Ukinunua iliyotumika, ivue kwenye kamera (diafragma, yaani tundu la mwanga, hubaki wazi) na umulike tochi kutokea nyuma. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa kawaida kwenye unyevu wa huku ziwani. Iache hata ikiwa bei ya kutupa. Usikubali pia kuuziwa toleo la II la 1990 kwa bei ya STM: shingo yake inayoshika kamera ni ya plastiki na haisogei karibu zaidi ya sentimita 45, wakati STM hufika 35.

Kabla ya kuzima kamera, rudisha fokasi mbali kabisa. Pua ya lenzi ikibaki nje na kugongwa ndani ya begi, giya za mota huumia.