Jiko la Moshi la Uani: Lipi la Kununua Mtwara na Lindi

Kwa mkazi wa Mtwara au Lindi anayetaka kuivisha kuku, pweza au jodari kwa moshi uani kwake, jiko bora ni lile ambalo hewa yake inadhibitika, hata kama halina mng'aro wa dukani. Kitoweo cha moshi huiva vizuri kwenye joto la nyuzi 105 hadi 135 za Selsiasi, na joto hilo hutulia kwa saa kadhaa pale tu tundu la hewa la chini linapofungwa na kufunguliwa kwa kipimo na mfuniko usipovuja. Jambo la pili la kuulizia ni unene wa bati, kwa kuwa hewa ya chumvi ya Shangani na Mikindani huko Mtwara, na ya ufukwe wa Lindi, hula chuma upesi.

Katika nafasi ya kwanza ninaliweka pipa la kusimama la lita 200, lililotengenezwa na fundi wa kuchomelea. Mkaa hukaa chini ndani ya kikapu cha chuma, na wavu wa kitoweo huwa juu, mbali na moto. Ukiwasha upande mmoja tu wa kikapu kilichojaa, moto hutambaa polepole na unaweza kupita saa sita bila kuongeza mkaa. Kabla ya kulipa, nenda kwa fundi wakati wa magharibi, giza linapoingia, washa tochi ya simu ndani ya pipa, funga mfuniko na matundu yote, kisha lizunguke taratibu: kila mstari wa mwanga unaouona ni njia ya hewa, na fundi auzibe mbele yako. Uliza pia pipa lilibeba nini. Katika mikoa hii ya mikorosho yapo mapipa yaliyobeba viuatilifu, na pipa la namna hiyo lisinunuliwe hata likioshwa mara kumi. Lililobeba mafuta ya kula linafaa, ilimradi rangi yake ya ndani iunguzwe yote kwa moto mkali wa kuni kabla ya kupikia. Wavu usiwe wa waya uliopakwa zinki, kwa kuwa zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu.

La pili ni tanuri la matofali la mtindo wa Chorkor, uliotokea Ghana, lenye trei za mbao na wavu zinazopangwa moja juu ya nyingine. Linatumia kuni zaidi kuliko mkaa, na halihamishiki, hivyo halimfai mpangaji. Lakini anayenunua samaki kwa ndoo na ana kiwanja chake hatajuta, maana tofali halishiki kutu.

Jiko la dukani lenye sahani ya maji ninaliweka la tatu. Maji hutuliza joto vizuri sana, ila bati lake mara nyingi ni jembamba. Langu lilipitiwa na msimu mmoja tu wa mvua, tundu la hewa likashikana kwa kutu likiwa wazi, na kuku niliyemwandalia wageni akawa mweusi nje huku damu ingali kwenye mfupa.

Pipa la kulala lenye kisanduku cha moto pembeni linashika mkia: hula mkaa mwingi, na upepo wa kusi huliyumbisha joto.

Mkaa hutoa joto. Moshi mtamu hutoka kwenye vipande vichache vya makumbi makavu ya nazi. Maganda ya korosho yasitiwe kabisa, kwani mafuta yake huunguza ngozi na moshi wake huwasha macho na kifua. Jiko likae nje daima, kwa sababu hewa ya mkaa ndani ya nyumba huua.

Fedha ikibaki, nunua kipimajoto cha kuchomeka ndani ya nyama, kwa kuwa kile cha kwenye mfuniko hupima hewa tu, na kuku asitolewe kabla paja lake halijafika nyuzi 74.