Kozi ya kupima uraibu wa opioidi kwa wanafunzi wa NP: lipieni siku ya waigizaji, ya mtandaoni vumilieni tu

Manesi wenzangu mlioko Marekani mnaosomea NP (nesi wa ngazi ya juu anayetibu na kuandika dawa), hii ni yenu. Ile kozi ya kupima uraibu wa opioidi (dawa kali za maumivu na ndugu zake kama heroini) inayotolewa na chuo tunachosoma huku Massachusetts nimeimaliza, na watu wananiuliza inbox kama siku ya mazoezi inastahili ile hela ya ziada. Inastahili, ila kuna mambo.

Tuanze na kibovu. Masomo ya mtandaoni yanachosha balaa, slaidi za zamani zinasomwa na mtu ambaye ni wazi kachoka kuliko sisi, halafu kuna sehemu nzima inakufundisha kuomba kile kibali maalum cha kuandika buprenofini, dawa ya kutibu uraibu huo, wakati kibali chenyewe kilifutwa mwisho wa 2022! Sa hivi ukiwa na usajili wako wa DEA (idara ya serikali kuu inayodhibiti dawa hizi) na jimbo linakuruhusu unaandika tu, cha msingi uwe na yale masaa 8 ya mafunzo ya mara moja. Yaani unalipa kufundishwa sheria iliyokufa. Hapo nyota mbili, na nimewaonea huruma.

Sasa siku ya mazoezi. Wanaleta waigizaji waliofundishwa kuwa wagonjwa, unaingia nao chumbani peke yako, mwalimu yuko nyuma ya kioo. Wa kwanza ni mama wa makamo aliyepasuliwa mgongo, anameza oksikodoni, opioidi ya maumivu, kama alivyoandikiwa, akiruka dozi anatetemeka. Kundi lililotutangulia lilimwandika mraibu papo hapo. Mwalimu akawarudisha kwenye vigezo 11 vya DSM-5, ule mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili: mwili kuzoea dawa na arosto havihesabiwi kwa mtu anayetumia kama alivyoelekezwa na daktari. Je, anashindwa kujizuia? Anashinda kutwa akizitafuta, kazi imemshinda, anaendelea japo zinamuumiza? Viwili au vitatu ndani ya miezi 12 ni uraibu mdogo, vinne au vitano wa kati, sita kwenda juu ndo mkali. Yote hayo yako kwenye slaidi na hayakuingia kichwani mpaka nilipokaa mbele ya yule mama.

Wa pili kijana anayetumia fentanili, opioidi kali kupita kiasi. Ukimwendea na "hutumii madawa, sivyo?" anakukatalia, anageukia ukuta, umemkosa. Ukimuuliza mara ya mwisho alitumia lini, na alikuwa na nani, anafunguka. Hilo la alikuwa na nani lina kazi yake, maana mtu akishazima hawezi kujipulizia naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidisha) mwenyewe. Pia walitukumbusha kuwa kipimo cha kawaida cha mkojo cha opiati (mofini, heroini) hakioni fentanili, lazima uagize chake.

Kasoro kubwa ni pale pa kupima ukali wa arosto kwa COWS, ile fomu ya kuipa kila dalili alama. Mwigizaji anaweza kupiga miayo na kuhangaika kwenye kiti, lakini mboni hawezi kuzipanua wala vinyweleo hawezi kuvisimamisha, kwa hiyo anakupa kikadi kimeandikwa "mboni kubwa". Jamani! Si wangeweka hata video ya mgonjwa halisi? Hiyo skoo ndo inakuambia uanze buprenofini au usubiri, ukiiwahisha inaing'oa fentanili kwenye siti yake ubongoni kama konda mkorofi na mgonjwa anaingia arosto ya ghafla, mbaya kuliko aliyokuja nayo, kesho humwoni tena kliniki.

Na hakuna chochote kuhusu wakalimani. Huku tunapokea Wakongo, mkalimani mara nyingi anasali kanisa moja na mgonjwa, nani ataongea ukweli hapo? Mie ningeomba wa simu, wa jimbo lingine kabisa.

Kwa ujumla nyota nne. Ukijisajili chukua kipindi cha asubuhi, mchana waigizaji wameshachoka na majibu yanakuwa ya mkato.