Kara Sevda: utamu wote ule, halafu wakaimalizia vile

Natoa tahadhari mapema: humu nitasema nani anakufa kwenye Kara Sevda, tamthilia ya mapenzi ya Kituruki. Huwezi kulalamikia mwisho wa tamthilia huku unauficha. Kama bado hujaiona na unapanga kuiona, rudi ukishamaliza, tutalia pamoja.

Mimi ni fundi cherehani, Mabatini hapa Mwanza, na kwenye fremu yangu nina runinga ndogo juu ya kabati la vitambaa. Cherehani inadai macho, runinga inabakiwa na masikio, ndiyo maana natazama zilizotafsiriwa tu: zile ambazo mwanaume mmoja anasema sauti zote, ya bibi, ya mtoto, ya jambazi, na katikati anachomekea maneno yake. Nihan, mhusika mkuu wa kike, analia, na sauti inayolia ni besi. Siku mbili tatu za mwanzo unacheka. Baadaye unazoea kiasi kwamba ukiwasikia Waturuki wenyewe wakiongea unaona kama wao ndio wamekosea.

Kwa asiyeijua, Kemal Soydere ni mtoto wa kinyozi, Istanbul, nyumba ya kuhesabu hela. Nihan Sezin ni binti wa kishua, mchoraji. Wanakutana kwenye basi, wanapendana, halafu Nihan anamgeuka na kuolewa na Emir Kozcuoğlu, tajiri mwenye roho ya kutu. Kemal haelewi kosa lake. Sisi watazamaji tunaambiwa: Ozan, pacha wake Nihan, ameingia kwenye msala wa mauaji na Emir ndiye aliyeukalia ushahidi. Ndoa ndiyo bei ya kumfunga mdomo. Kemal anakimbilia Zonguldak, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na miaka mitano baadaye anarudi mjini na suti, pesa na kinyongo.

Hapo ndipo fremu yangu ilipoanza kujaa watu. Mwanza hii, nani hana kaka, mjomba au mchumba aliyevuka kwenda Geita machimboni akiahidi kurudi na maisha? Wapo waliorudi na gari, wapo waliorudi na kifua kibovu, na wapo ambao simu zao ziliacha kupokelewa. Mteja mmoja aliyekuja kupunguziwa gauni la sendoff alisimama na pini mabegani mpaka sehemu ikaisha, nilipomwambia tayari hakusikia. Alipozinduka akasema, "Dada fundi, yule wangu naye akirudi hivi atanikuta nimeshaolewa, tena bila kulazimishwa na mtu."

Waigizaji sina neno nao. Kemal ni Burak Özçivit. Waliofuatilia ile tamthilia ya Sultani Süleyman watamkumbuka kama Bali Bey, na wengine wamemjua baadaye akiwa Osman kwenye Kuruluş: Osman. Nihan ni Neslihan Atagül, mwenye macho yanayojaa machozi na hayamwagiki, kazi ngumu kuliko kulia. Lakini aliyeibeba tamthilia, kwangu mimi, ni Kaan Urgancıoğlu. Emir wake hapigi kelele. Anaongea taratibu, anarekebisha kola ya koti, anatabasamu, na wewe unajua kuna mtu anakwenda kuumia. Hata mtafsiri wetu alikuwa akifika kwa Emir anapunguza sauti. Muziki wa Toygar Işıklı nao ulishanikaa kichwani, nikawa naupiga mluzi huku nakata vitambaa mpaka jirani wa kuchaji simu akaniomba nibadilishe.

Kwa hiyo sishangai kwamba mwaka 2017 ilichukua tuzo ya kimataifa ya Emmy upande wa telenovela, ya kwanza kwa tamthilia ya Kituruki. Ilistahili. Ila ni ndefu, jamani. Kwao ilirushwa na Star TV kuanzia Oktoba 2015 hadi Juni 2017, sehemu 74, kila moja ya saa mbili hivi. Piga hesabu mwenyewe. Sisi huku tunaipata imekatwakatwa vipande vifupi, na kijana wa kurusha muvi kwenye flashi anachaji kwa kipande, kwa hiyo ukiona Emir kabanwa na bado kuna rundo la vipande mbele, ujue atachoropoka. Ushahidi unapatikana, ushahidi unapotea. Mtu ananong'ona siri mlangoni na mwingine yuko nyuma ya mlango huohuo. Msimu wa pili ungepunguzwa theluthi nzima na hakuna ambaye angeuliza.

Nilivumilia kwa sababu ya Deniz. Mtoto ni wa Kemal, Emir anajua, Kemal hajui. Hilo fundo walilifunga vizuri na kulifungua vizuri zaidi. Na nilivumilia kwa sababu ya Ozan pia. Ozan anauawa kabla tamthilia haijafika mwisho, yule yule ambaye dada yake aliuza ujana wake ili kumwokoa. Niliacha kushona siku hiyo. Iliuma, lakini iliuma kwa haki: kila uongo uliosemwa tangu mwanzo ulikuwa unampeleka pale.

Sasa siku ya mwisho. Tulikuwa watu kama saba kwenye fremu inayotosha watatu, na mvua ya ziwani ikashuka. Mnajua Mwanza na mvua: upepo, bati linapiga kelele, umeme huo ukakatika. Kemal na Emir wamekaribia kukutana, Nihan yuko hatarini, na sisi tuko gizani. Hakuna aliyeondoka. Tukaanza kuimalizia wenyewe.

Wifi yangu akasema Nihan atachukua bastola ammalize Emir kwa mkono wake, kisha akubali kwenda jela, na Kemal amlee mtoto akimsubiri. Mama muuza dagaa wa pale kona akakataa, akasema hapana, Nihan atamwita Emir mahakamani na kusema kila kitu mbele ya watu, mchana kweupe, maana mtu kama Emir anaua aibu kuliko risasi. Alisema hivyohivyo, "anaua aibu", na sote tukamwelewa. Mwenye gauni la sendoff yeye alitaka Nihan amchukue mtoto apande meli, awaache wanaume wote wawili wakitazamana. Tulibishana mpaka umeme uliporudi.

Umeme ukarudi, na waandishi wakatupa mlipuko. Kemal na Emir wanaondoka pamoja, Nihan anabaki na Deniz. Basi.

Mtanielewa vibaya mkidhani nalalamika kwa sababu stelingi kafa. Ndiyo, wengi wetu tumekulia kwenye mabanda ya video ambako stelingi hafi hata atumbukizwe mtoni na mawe shingoni, lakini mimi ni mtu mzima, najua mapenzi mengine mwisho wake ni kaburi. Ninachokataa ni kifo kupangwa na Emir. Tangu siku ya kwanza Emir alikuwa na dua moja: Nihan asipokuwa wangu, asiwe wa mtu. Tumekaa saa zaidi ya 140 tukiomba dua hiyo isijibiwe. Sehemu ya mwisho ikajibiwa neno kwa neno. Kafa, sawa, lakini kafa ameshinda. Wameandika tamthilia nzima ya kumpinga, halafu mwishoni wakampa yeye kalamu.

Na Nihan? Angalieni miisho yetu ya gizani. Muuza dagaa, wifi na bibi harusi hawakukubaliana kwa lolote, ila kwenye miisho yote mitatu Nihan anafanya kitu. Kwenye mwisho wa kweli anaokolewa, analia, anabaki. Mwanamke aliyejitoa ili kaka yake asiozee jela, aliyemficha Kemal ukweli akijua atachukiwa, inapofika saa ya kuamua kila kitu anakuwa mzigo wa kubebwa na wanaume wawili.

Mume wangu, ambaye anadai hatazami lakini anajua majina ya wote, aliutetea. Alisema mapenzi ya namna ile hayawezi kuishia kwenye kuosha vyombo na kugombania rimoti, yangechuja. Nimeifikiria sana hoja hiyo na naikataa. Mimi nilizitaka hizo siku za kuchuja. Nilitaka nusu saa tu ya Kemal na Nihan wakibishana nani ampeleke Deniz shule. Watu wamelipia karaha zote zile, halafu raha ikipatikana tunaonjeshwa kwa ncha ya kijiko.

Wifi yangu hakukubali kwamba imeisha. Asubuhi yake alikwenda kwa kijana wa flashi, akamwambia ampe vipande vilivyobaki, asimletee ujanja wa kuficha ili alipie mara mbili. Kijana akamwambia, "Shikamoo dada, imeisha hiyo." Akasema hakuwa wa kwanza, kila anayeimaliza hurudi pale kudai bakaa. Wifi akamlazimisha afungue folda aione kwa macho yake.

Nikiulizwa nyota, natoa nne kwa safari na moja kwa kituo cha kushukia. Anayependa kulia aichukue, hatajuta hadi pale karibu na mwisho. Mwenye mgonjwa nyumbani au mtu wake yuko mbali, aahirishe. Na kama unaitaka iliyotafsiriwa, hakikisha unapewa misimu yote miwili kwa mtafsiri mmoja, kwa sababu mimi msimu wa pili vipande kadhaa vilikuja na mtafsiri mwingine, kijana wa sauti nyembamba, na kwa muda mzima nilidhani Emir ana homa.