Kuishi na familia ya Kifaransa Besançon: uzoefu wangu wa wiki za mwanzo

Kama unakwenda Ufaransa kusoma lugha na unajiuliza upange chumba cha wanafunzi au ukae kwa familia, mimi nasema kaa kwa familia, angalau miezi ya mwanzo. Nasema hivyo nikijua ni ghali. Chumba pamoja na chai ya asubuhi na chakula cha usiku kilinigharimu kuliko kodi ya wenzangu waliokaa bwenini, tena kwa tofauti kubwa. Lakini Kifaransa nilichokipata pale mezani usiku sikukipata kwingine, na mimi nilishakisoma miaka kadhaa Dar es Salaam kabla ya kupanda ndege.

Nilikuwa Besançon, mji wa mashariki karibu na mpaka wa Uswisi, nikisoma CLA, kituo cha lugha cha chuo kikuu kilichoanzishwa 1958. Kutoka Paris unapanda TGV, treni ya mwendo kasi, safari ya saa mbili na kitu. Soma tiketi yako vizuri maana stesheni ni mbili: Viotte, iliyo mjini, na ile ya TGV iliyo nje ya mji, ambako unaunganisha kwa treni nyingine kuja Viotte. Wenyeji wangu walikuja kunipokea na gari lao. Si kila familia hufanya hivyo, kwa hiyo uliza mapema.

Walikuwa mume na mke wastaafu, watoto wao wameshaanza maisha yao, na mjukuu mmoja wa kiume aliyeletwa Jumatano mchana, wakati shule za msingi hazina masomo. Waliniambia niwaite kwa majina yao ya kwanza. Mtu wa umri wa mama yangu, mimi wa Tanga, hilo halikunitoka mdomoni. Nikaendelea na Madame na Monsieur, nao wakaridhika.

Suala la chakula ndilo lililonitia hofu zaidi kabla ya kwenda. Mimi Mwislamu, na huko ni nchi ya soseji za nguruwe za kukaushwa kwa moshi, za Morteau na Montbéliard, wanazojivunia sana. Kwenye fomu ya kuomba familia niliandika kwamba sili nguruwe, lakini sikuishia hapo. Nilimwandikia Madame barua pepe nikamweleza kuhusu nyama ya halali, na kuhusu mvinyo ndani ya mchuzi, kwa sababu Wafaransa hupikia mvinyo bila hata kukumbuka kuutaja. Alijibu usiku uleule akiuliza kama samaki na mayai nakula. Nilipofika, kulikuwa na kuku wa bucha la halali kwenye friza, kafungwa kivyake. Ndugu zangu, andikeni barua hiyo. Fomu haiwezi kubeba maelezo yote.

Chakula cha usiku kilikuwa saa moja na nusu, na wote mnakaa. Hakuna kupakua sahani ukaenda nayo chumbani. Kinaanza kitu kidogo, supu au karoti za kukwaruza zenye siki, kisha chakula chenyewe, kisha saladi, kisha jibini, kisha tunda au mtindi. Mkate hauwekwi kwenye sahani, unaulaza pale pale juu ya kitambaa cha meza. Usiku wa mwanzo Monsieur alinionyesha namna ya kukata Comté, jibini la kwao: kipande kina umbo la pembetatu, na kisu hakiendi kwenye ncha, kinapita kwa urefu, ili kila mtu apate sehemu laini ya katikati na sehemu ya karibu na ganda. Akanikatia, akasubiri nionje, akaniuliza naonja nini. Maneno yakaniishia. Akanipa yeye: karanga, siagi, majani makavu. Kila usiku ilikuwa hivyo, swali dogo na subira kubwa. Darasani mwalimu ana watu wengi, hawezi kukusubiri namna hiyo.

Choo kiko peke yake, bafu peke yake, na chooni ni karatasi tu, hakuna maji. Nilimweleza Madame waziwazi kwamba sisi hutumia maji. Kesho yake nikakuta jagi la plastiki la buluu limewekwa pembeni ya sinki ya bafuni, na hatukuhitaji kulizungumza tena. Kama una haya ya kusema, nunua chupa yako, lakini mimi nashauri useme.

Kuhusu baridi: Wafaransa wanahimizwa wasizidishe nyuzi 19 ndani ya nyumba, na usiku wanapunguza zaidi. Beba sweta la kuvaa ndani, si koti la nje peke yake. Jumapili maduka mengi yamefungwa, na nyumba imetulia mpaka unakumbuka kelele za kwetu. Siku hizo ndizo ngumu.

Nisichokisifu ni wakala niliyepitia. Alichukua ada, akanibadilishia familia nikiwa nimekaribia kusafiri, na simu hapokei. Nilipata watu wema, ila si kwa juhudi zake. Anzia ofisi ya malazi ya shule unayokwenda kusoma.

Jambo jingine ni karatasi. Viza ya muda mrefu ya mwanafunzi inatakiwa kuthibitishwa mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu uingie nchini, na benki nayo inataka uthibitisho wa unapoishi. Hapo familia inasaidia sana: Madame aliniandikia barua kwamba naishi kwake, akaambatanisha nakala ya kitambulisho chake na bili ya umeme, tukamaliza.

Baadhi ya familia hutoa chumba bila chakula kwa bei nafuu, na mchana unaweza kula mgahawa wa chuo. Wakati wangu mlo ulikuwa euro 3.30. Ukilazimika kubana matumizi, bana mchana. Chakula cha usiku lipia.